Huhitaji darubini: nilivyoanza kutoa hesabu ya nyota kutoka ufuo wa Usenge

Mtu anayeuza omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, hufuata mwezi kama mkulima anavyofuata mvua. Mwezi ukiwa mpevu mashua haziendi, kwa kuwa wavuvi huvuta omena kwa taa, na ziwa likishamulikwa lote taa haina kazi. Zikija siku za giza, mashua hutoka jua likitua, nami hupanda matatu kutoka Kisumu hadi Usenge, nikalala kwa shemeji yangu ili alfajiri zikirudi niwe mbele na ndoo zangu. Kwa miaka kumi na mmoja nimekaa kwenye ufuo ule saa ambazo watu wengi wa mjini wamelala. Anga ilikuwa juu yangu muda huo wote, na sikuwahi kuiangalia zaidi ya mtu anavyoangalia dari la nyumba yake.

Aliyenifungua macho ni binti yangu Akinyi, akiwa kidato cha pili. Aliniuliza, "Mama, ukiwa Usenge unaona nyota ngapi?" Nikamwambia nyingi. Akasema mwalimu hataki "nyingi", anataka hesabu. Hapo ndipo tulipokaa na simu yangu na kugundua kwamba duniani kuna wanasayansi wanaoomba hesabu hiyohiyo kutoka kwa mtu yeyote, bila kumwuliza cheti wala darubini. Wengine huiita sayansi ya wananchi. Nimeifanya kwa miaka minne sasa, na naandika haya kwa sababu naamini watu wa huku kwetu tunahitajika katika kazi hii kuliko tunavyojua.

Anza na mradi wa Globe at Night. Ulianza mwaka 2006 na unaendeshwa na NOIRLab, kituo cha taifa cha falaki cha Marekani. Kazi yake ni kupima giza la usiku kwa macho ya watu. Unatoka nje usiku usio na mwezi, unatafuta kundi la nyota uliloelekezwa mwezi huo: Januari na Februari mara nyingi ni Jabari, yule mwindaji mwenye nyota tatu za mkanda, na miezi mingine inaweza kuwa Simba, Nge au Msalaba wa Kusini. Kwenye simu utaona michoro kadhaa ya kundi hilohilo. Wa kwanza una nyota chache mno, wa mwisho umejaa pomoni. Unachagua ule unaofanana na anga yako, unaeleza kama kuna mawingu, unaweka mahali na saa, unatuma. Dakika tano zimetosha.

Dakika tano za kutuma, lakini si za kuangalia. Hapa ndipo nilipokosea mwanzo. Usiku wangu wa kwanza Usenge nilikuwa nimekodolea macho simu, nikainua kichwa, nikachagua mchoro namba 3, nikatuma. Namba 3 kwa mahali ambapo Njia Nyeupe, ule ukanda mweupe wa nyota, inaonekana hadi ikagusa maji! Jicho likitoka kwenye mwanga linahitaji dakika ishirini hadi thelathini kuzoea giza, na ukitazama simu hata kidogo unaanza upya. Usiku uliofuata nilikaa kwanza nusu saa, nimegeuzia mgongo taa za mashua, simu nimeipunguza mwanga hadi chini kabisa na tochi nimeifunga nailoni nyekundu, kwa sababu mwanga mwekundu hauliharibu jicho sana. Nilipata 6. Nyumbani Nyalenda, Kisumu, nikiwa kwenye paa la ploti tunayokaa, na mulika mwizi, ile taa ndefu ya kumulika mtaa, iko mtaa wa pili, hupata 3, na siku nzuri 4. Kati ya hizo namba mbili kuna maelfu ya nyota ambazo mtoto wa mjini hazioni.

Namba hizo zinaenda wapi? Mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na Christopher Kyba walichapisha matokeo waliyoyapata kwa kuchambua ripoti zaidi ya 51,000 za wananchi, kuanzia 2011 hadi 2022. Waligundua kuwa mwanga wa anga ya usiku umekuwa ukiongezeka kwa wastani wa karibu asilimia 10 kila mwaka. Walitoa mfano ambao haujaniondoka: mtoto akizaliwa mahali panapoonekana nyota 250, akifikisha miaka 18 ataona 100 tu. Setilaiti zilikuwa zimeonyesha ongezeko dogo sana, kama asilimia 2 kwa mwaka, kwa sababu hazikuwa na uwezo wa kuona rangi ya buluu iliyomo kwenye taa nyeupe za LED, wala hazikupata vizuri mwanga unaosambaa kwa ubavu. Macho ya watu yaliona kile ambacho mitambo ilipita juu yake.

Sasa fungua ramani ya ripoti hizo. Ulaya na Amerika Kaskazini vitone vimerundikana. Huku kwetu kuna nafasi kubwa tupu. Mtu mmoja akituma kutoka Siaya, Bungoma au Molo, sehemu aliyojaza inaweza kuwa haikuwa na ripoti ya mtu mwingine karibu. Sijui kazi nyingine ambayo mchango wa mtu mmoja wa kawaida una uzito huo.

Nisieleweke vibaya kuhusu mulika mwizi. Mama mboga wa mtaani kwetu anauza hadi saa tatu usiku kwa sababu ya taa ile, na wasichana wanafika nyumbani salama. Ninachotaka ni taa zifunikwe juu, zimulike chini barabarani, badala ya kumwaga nusu ya mwanga mbinguni ambako hakuna mwizi. Kumwambia hivyo mhusika yeyote kunahitaji takwimu, na takwimu za Kisumu haziwezi kukusanywa na mtu wa London.

Jambo lingine ambalo halielezwi popote na lazima niliseme kwa Kiswahili: saa. Sisi tunahesabu saa kwa namna tatu. Kuna saa ya kinywani, saa tatu usiku. Kuna saa ya simu, 21:00. Na kuna saa ya dunia ambayo wanafalaki hutumia ili wote waelewane, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Hiyo itakuwa 18:00. Niliwahi kuhesabu vimondo usiku kucha na kuandika daftarini saa za kinywani, "saa nane", bila kufafanua. Asubuhi nilikuwa nimechoka na sikuweza kusema kwa hakika zipi nilikuwa nimezigeuza na zipi bado. Kazi yote nikaiacha. Tena saa nane usiku kwetu ni 23:00 ya dunia, na tarehe yao bado ni ya jana. Andika saa ya simu peke yake, kila mara, na ugeuze baadaye ukiwa umepumzika.

Vimondo vyenyewe ni kazi ya kupendeza kuliko zote. Shirika la kimataifa la vimondo, IMO, limekuwa likipokea hesabu za watu tangu 1988. Usiku bora kwetu ni wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba, vimondo vya Geminidi vinapofika kilele. Hivi hutokana na vumbi lililoachwa njiani na mwamba uitwao Phaethon. Lala chali kwenye mkeka kuanzia saa nne usiku, mwezi ukiwa haupo au umezama, na kila kimondo ukipige mstari daftarini bila kuondoa macho juu. Andika ulipoanza, ulipomaliza, na muda uliopumzika. Usipoona kitu kwa nusu saa, andika sufuri. Sufuri ni hesabu kamili kama ishirini.

Wanawake wenzangu, msikae ufukweni peke yenu. Mimi huwa na shemeji au Akinyi. Ziwani kuna viboko, nao hutoka majini usiku kula nyasi. Kaa karibu na nyumba, mbali na matete. Mbu nao si wa kuchezea huku Nyanza, kwa hiyo leso ndefu na soksi.

Na Kisumu mawingu yakifunga, kama yanavyofunga jioni nyingi za masika? Ingia ndani, ufungue Zooniverse. Ni jukwaa la bure ambapo watu huwasaidia wanasayansi kuchambua picha, lina programu ya simu, na picha zake hazili bando sana. Hadithi yake ilianza Oxford, ambapo mwanafunzi Kevin Schawinski alipitia picha za galaksi 50,000 kwa wiki moja, akizitenga zile laini kama yai na zile zenye mikono inayojizungusha. Zilibaki karibu milioni moja. Yeye na Chris Lintott wakaziweka wazi kwa watu wote Julai 2007 kwa jina Galaxy Zoo, na ndani ya mwaka wa kwanza watu zaidi ya 150,000 walikuwa wametoa majibu zaidi ya milioni 50.

Watu huniuliza, "Na nikikosea?" Kila picha hupelekwa kwa watu wengi, kisha majibu hulinganishwa. Kosa lako peke yako haliharibu kitu. Usichopaswa kufanya ni kubahatisha kwa haraka ili uhesabiwe umefanya nyingi. Mimi hufanya ishirini nikisubiri chai ichemke, halafu naacha.

Na ukiona kitu kisicho kwenye maswali, uliza. Mwalimu wa Uholanzi, Hanny van Arkel, aliona doa la ajabu karibu na galaksi moja mwaka huohuo wa 2007. Angeweza kubonyeza jibu na kusonga mbele. Aliuliza ni nini, na wataalamu hawakuwa na jibu. Baadaye ikajulikana ni wingu kubwa la gesi linalong'aa kwa mwanga wa galaksi jirani ambayo kitovu chake kilikuwa kikiwaka kwa nguvu zamani na sasa kimefifia. Hadi leo linaitwa Hanny's Voorwerp, na voorwerp kwa Kiholanzi ni "kitu" tu.

Kuna faida moja ambayo watu wa kwetu tumepewa bure. Ikweta inapita Maseno, kwenye barabara ya Busia. Aliye kaskazini mwa Ulaya haoni kabisa Msalaba wa Kusini. Aliye kusini mwa Australia haoni Dubu Mkubwa mzima. Sisi jioni ya Mei tunaona vyote viwili, kimoja kila upande. Mkanda wa Jabari nao hupita karibu utosini, na nyota yake iitwayo Mintaka iko takriban juu ya ikweta yenyewe. Hii inatufaa sana kwa kazi ya kupima nyota zinazobadilika mwangaza, kazi ambayo chama cha AAVSO cha Marekani kimekuwa kikiiratibu tangu 1911. Hulazimiki kuwa mwanachama ili kutuma.

Chukua Betelgeuse, ile nyekundu kwenye bega la Jabari. Mwisho wa 2019 ilianza kufifia, na kufikia Februari 2020 ilikuwa imebaki na kama theluthi moja ya mwangaza wake wa kawaida, kwa sababu ilikuwa imetema gesi iliyogeuka vumbi na kuifunika. Mtu yeyote aliyekuwa akiitazama kila wiki angeona kwa macho matupu. Nami huipima hivi: naitafuta nyota Procyon, yenye kiwango cha mwangaza 0.4, na Aldebaran, yenye 0.9, nikikumbuka kwamba namba ndogo ndiyo nyota kali. Nikiona Betelgeuse iko katikati yao, naandika 0.6 au 0.7. Nangoja zote zipande juu, maana nyota iliyo chini karibu na upeo hufifishwa na hewa.

Kama wewe ni mwalimu na shule yako ina kompyuta na intaneti, angalia mpango wa IASC, ulioanza 2006. Timu za wanafunzi hupewa bure picha nne za sehemu moja ya anga, zilizopigwa kwa kupishana dakika chache, watafute nukta inayosogea. Nukta hiyo yaweza kuwa asteroidi ambayo haijawahi kuandikwa. Uthibitisho huchukua miaka, waambie mapema.

Usinunue darubini mwaka wa kwanza. Nimeona watu wakitumia elfu kumi na zaidi kwa darubini ya plastiki inayotikisika, wakakata tamaa na nyota pamoja. Daftari la shilingi hamsini na nailoni nyekundu vimenitosha.

Mwanzoni ufukweni walinong'ona kwamba mama wa omena ameingia uganga. Sikubishana. Niliwaambia msemo wa Waswahili wa pwani, kwamba Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kwamba jina Kilimia linatokana na kulima. Kuangalia nyota ilikuwa kazi ya mkulima kabla haijawa ya mtu mwingine. Aliyenielewa haraka ni mzee mmoja aliyevua miaka mingi, ambaye wote tunamwita Jaduong'.

"Mama Akinyi, unatafuta nini huko juu?"

"Nahesabu nyota, Jaduong'. Kuna watu wanataka kujua giza letu likoje."

Akakaa kwenye ukingo wa mashua iliyopinduliwa. Baada ya nusu saa nilimpa simu na michoro, bila kumwambia yangu. Aliangalia juu, akaangalia simu, akarudia mara tatu, taratibu, kama anayekagua wavu. Akachagua 5. Mimi nilikuwa nimechagua 6. Nilitaka kumwambia aangalie tena, kisha nikanyamaza; macho ya mzee ni ya mzee. Nilituma yangu, halafu nikafungua ripoti nyingine, nikaandika 5.