Simu imejaa nini: memori, kumbukumbu au hifadhi?

SWALI: Simu yangu ilipogoma kupokea picha nilimwandikia rafiki yangu kwamba "kumbukumbu ya simu imejaa". Akanisahihisha: eti niseme "hifadhi imejaa", kumbukumbu ni kitu kingine. Muuzaji naye aliniambia simu hiyo ina "RAM 4 na ROM 64". Maneno haya yanatofautianaje? Na je, kumbukumbu "imejaa" au "zimejaa"?

JIBU: Rafiki yako amepatia, ingawa kwa mazungumzo ya kawaida nawe hukukosea. Wengi wetu husema "memori imejaa" tukimaanisha picha na video, na msikilizaji huelewa papo hapo. Kasoro huonekana unapoandika maelezo ya kiufundi, kwa sababu humo kuna vitu viwili vinavyofanya kazi mbili.

Jiulize: umeme ukikatika, kinabaki nini? RAM ni mahali ambapo programu inayoendeshwa huweka data inayoihitaji wakati huohuo. Mashine ikizimwa, vyote hupotea. Hiyo ndiyo kumbukumbu, au "kumbukumbu ya muda" ukitaka kuondoa utata. Diski, SSD (diski ya chipu, isiyo na sehemu inayozunguka), flashi na kadi ya memori hubaki na data hata zisipopata umeme. Hizo ni hifadhi. Kwa hiyo simu isiyopokea picha imejaa hifadhi, lakini inayokwamakwama ukifungua programu nyingi kwa pamoja huenda imeishiwa kumbukumbu. Anayechanganya majina hukosea hata tiba: atafuta picha mia, na RAM itabaki ileile.

Neno kumbukumbu lenyewe limeiangukia RAM vizuri kuliko waliolichagua walivyoweza kukusudia. Kurudufu neno katika Kiswahili mara nyingi hudokeza jambo linalojirudia, na aina ya RAM iliyoenea zaidi, DRAM, haiwezi kuishi bila kurudiarudia. Kila biti ndani yake, yaani kipande kidogo kabisa cha data, ni chaji ya umeme kwenye kapasita ndogo mno, kijichombo cha kutunzia chaji, na chaji hiyo huvuja. Ili isisahau, chipu husomwa na kuandikwa upya bila kukoma. Kwa kawaida kila safu ya biti hufikiwa angalau mara moja katika milisekunde 64. Ni kumbukumbu inayokumbushwa kutwa kucha.

Hata hivyo siungi mkono wanaodai kwamba "hifadhi" haihusiani kabisa na kukumbuka. Neno hili tumelipata kwa Kiarabu, na katika Kiswahili aliyehifadhi Kurani hakuifungia kabatini, ameitia moyoni neno kwa neno. Kuhifadhi shairi ni vivyo hivyo. Mipaka kati ya maneno haya mawili, basi, imewekwa na matumizi ya kompyuta, haikutoka kwenye asili yake. Simu nyingi zilizowekwa Kiswahili tayari huandika "hifadhi" kwa nafasi ya picha na mafaili, na sioni sababu ya kushindana nazo. Zaidi ya hayo neno linatupa kitenzi bila taabu: unahifadhi faili kwenye hifadhi. "Kusevu" nalo limeshaingia mitaani, liache huko.

Kosa kubwa zaidi katika barua yako ni la muuzaji. ROM ni kumbukumbu ya kusoma tu. Zamani data yake iliwekwa kiwandani moja kwa moja, hasa programu inayoiamsha mashine, na mtumiaji hakuweza kuigusa. Siku hizi programu hiyo hukaa kwenye chipu za flashi zinazoweza kuandikwa upya, ila si jambo la kila siku. Sasa hiyo 64 ya simu yako unaiandika kila unapopiga picha. Itakuwaje ya kusoma tu? Matangazo yameizoea ROM kwa maana ya hifadhi, lakini mazoea hayo ni ya kuepukwa katika maandishi.

Ulichosahau kuuliza ni "akiba", neno ambalo simu hutumia zinapokwambia "futa akiba". Hapo pana nakala za data zilizowekwa karibu ili zisitafutwe upya, iwe na kivinjari au na programu nyingine. Prosesa, chipu inayofanya hesabu za mashine, nayo ina akiba yake ndani, ndogo lakini yenye kasi kuliko RAM. Neno ni zuri, ila linaupotosha usemi wetu kwamba akiba haiozi: hii huoza, ndiyo maana ukurasa wa jana unaweza kukutokea leo mpaka uifute.

Upatanisho ni mwepesi. Kumbukumbu iko katika ngeli ya I-ZI, kwa hiyo ya simu moja "imejaa", za simu kadhaa "zimejaa". Usibabaishwe na "Kumbukumbu la Torati" ya Biblia. Hilo ni jina la kitabu lenye mapokeo yake. Memori, RAM na hifadhi hufuata I-ZI pia. Kuhusu vipimo, "RAM 4" inatosha dukani, lakini ukiandika taja kipimo: simu ina RAM ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64.