Usikimbilie kidonda: kwa mnaoanza kazi na watoto waliokinzana na sheria

Wengi wenu mmetoka darasani na neno "kiwewe", yaani kidonda cha moyoni kinachoachwa na mabaya yaliyompata mtu, likiwa bado la moto mdomoni. Ni neno zuri. Shida ni kwamba mgeni akishalijua anatamani kulitumia, na jalada la mtoto likifika mezani anataka asikie yote siku ya kwanza: nani alimpiga, nani alimtelekeza, ilikuwaje usiku ule. Mimi nilikuwa hivyohivyo.

Sasa mtazame mtoto mwenyewe. Kabla hajakufikia ameshahojiwa na polisi, ameshasikia habari zake zikisomwa kwa sauti mbele ya watu asiowajua, ameandikiwa ripoti na afisa wa ustawi, amepimwa na daktari. Wewe ni wa tano kumtaka afunue kidonda kilekile, na waliokutangulia waliondoka nacho kwenye karatasi. Ndiyo maana anakujibu "sijui". Hilo "sijui" ni mlango, na pengine ndio mlango pekee mle ndani anamozuiliwa ambao ufunguo wake anao yeye. Mwachie.

Mwaka wangu wa kwanza niliitiwa kijana wa miaka 15. Nikamwonyesha kiti, nikafunga mlango, nikafungua daftari. Hata swali la pili sijamaliza, kiti kimesharushwa ukutani. Nikaandika: "Mkaidi, ana hasira, hashirikiani." Mkubwa wangu kazini aliisoma ripoti ile, akaniuliza swali moja tu: "Ulimkalisha akiangalia wapi?" Nilikuwa nimemkalisha mgongo kwa mlango. Mtoto aliyezoea kuvamiwa kwa nyuma anasikiliza mlango. Maswali yako hayamfikii. Mara ya pili nikaviweka viti viwili ubavu kwa ubavu, mlango wazi kidogo, nikamwambia achague. Alichagua cha karibu na mlango, akakaa dakika arobaini. Hakusema chochote cha maana, nami nikajifunza kutokuandika "mkaidi".

Mmarekani Shawn Ginwright, aliyefanya kazi na vijana miaka mingi, aliandika mwaka 2018 jambo lililonisaidia kuelewa nilipokuwa nakosea. Tulishapiga hatua, alisema, kutoka kumuuliza kijana "una kasoro gani" hadi "ulipatwa na nini". Lakini hata swali hilo la pili linamfungia kijana ndani ya maumivu yake, wakati ana vipaji, ana ucheshi, ana watu anaowapenda na ndoto za kwake. Mtu hujengwa kwa hivyo alivyo navyo, tena akiwa pamoja na wenzake.

Kwa vitendo, hilo lilinijia kupitia msichana wa miaka 16 aliyetumaliza wote kwa kimya chake. Wiki tatu nzima, "sijui" na "sawa". Jumapili moja nikamkuta anawasuka wenzake, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Nikamwomba awe anawafundisha wadogo. Ebu uone mabadiliko: yule wa kimya akaanza kutoa amri, "inamisha kichwa, tulia, hapana, anza upya." Siku moja nimekaa karibu nao nimeshika sanduku la vitana, akasema bila kuniangalia, vidole vikiendelea na kazi: "Taa ikizimwa siwezi kulala." Basi. Sikuuliza kwa nini. Jioni hiyo tuliiacha taa ya korido ikiwaka, na haikuzimwa tena. Miezi ikapita kabla hajasimulia yaliyobaki, na alimsimulia mshauri nasaha, si mimi. Usione wivu kwa hilo.

Kuna watakaowaambia kuwa huku ni kuwadekeza wahalifu. Msibishane sana, ila lijueni jibu. Kupona hakufuti kosa. New Zealand tangu sheria yake ya mwaka 1989 inakaa na kijana, familia yake na aliyekosewa, kama mwenyewe yuko tayari, wapange pamoja namna ya kurekebisha. Kukaa mbele ya uliyemuumiza ni kugumu kuliko kufungiwa chumbani. Ila maandalizi ni wiki kadhaa, na msiyaharakishe. Mimi niliwahi kumwandalia kijana barua ya kuomba radhi ili kikao kiende vizuri. Akaisoma yote. Mama aliyeibiwa akamsikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia: "Hayo ni maneno yako, mwanangu. Yeye ana lipi?" Kijana akanyamaza kitambo, akasema, "Nilijua ni nyumba yako." Kikao kilianzia hapo.

Mambo ya sheria nitayapitia upesi, mtayasoma wenyewe. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 37, unataka kumfungia mtoto kuwe hatua ya mwisho na kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana. Cha 39 kinaidai nchi imsaidie mtoto aliyedhulumiwa apone mwilini na akilini katika mazingira yanayomjengea heshima yake. Kanuni za Havana za mwaka 1990, za Umoja wa Mataifa za kuwalinda watoto waliofungiwa, zinakataza kabisa kumtenga mtoto peke yake kama adhabu. Kumbukeni hilo siku mtakayochoka na mtu akawaambia, "Mtie chumba cha peke yake atulie."

Na kabla mtoto hajafungua mdomo, mwambie kipi huwezi kumtunzia kama siri: akitaka kujidhuru, akitaka kumdhuru mtu, au kama kuna anayemdhulumu. Ukimwambia baada ya kusimulia, umemsaliti.

Lililoniuma kuliko yote ni likizo. Nilikwenda likizo ya siku kumi bila kuaga, nikidhani nimewaepushia huzuni. Niliporudi, kijana niliyemdhania tumezoeana akapita mbele yangu kama anapita ukuta, na ikawa hivyo karibu mwezi. Watu wake wote waliondoka kwa mtindo huo. Siku hizi tarehe yangu ya kuondoka naiandika ubaoni wiki tatu kabla, na ya kurudi, na jina la atakayeshika zamu yangu. Wapo wanaokuja kila asubuhi kufuta siku moja kwa kidole.