Mama ana Alzheimer: je, nami nipime vinasaba?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 78, na kwa miaka minne sasa amekuwa akipoteza kumbukumbu. Juzi alificha funguo za stoo ndani ya pipa la unga, kisha akamtuhumu dada wa kazi kuwa ameziiba. Hospitalini tumeambiwa ni ugonjwa wa Alzheimer. Bibi mzaa mama naye alifariki akiwa hawatambui wanawe. Mdogo wangu aliyeko Uingereza ananihimiza nitume mate maabara nipimwe vinasaba. Nina miaka 46. Je, nipime?
Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba, na pole kwa kumuuguza mama. Kabla ya yote, mtetee huyo dada wa kazi: kuwashuku wengine wizi ni dalili ya kawaida ya ugonjwa huu.

Ipo aina ya Alzheimer ambayo mtu huirithi moja kwa moja, kutokana na hitilafu katika mojawapo ya jeni (vinasaba) tatu, yaani APP, PSEN1 au PSEN2. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Aina hiyo ni adimu, haifiki asilimia 1 ya wagonjwa wote, na kwa kawaida huanza kabla ya miaka 65. Mama yako alianza akiwa na miaka 74, kwa hiyo sioni sababu ya kuishuku.

Kipimo anachokusudia mdogo wako yaelekea ni cha jeni ya APOE, iliyo katika kromosomu ya 19, ambayo hutoa maelekezo ya kutengeneza protini inayosafirisha mafuta mwilini na kwenye ubongo. Kila mtu ana nakala mbili, moja kutoka kwa kila mzazi, nazo huwa za aina ya E2, E3 au E4. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwamba E4 huongeza hatari. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, nakala moja huizidisha mara mbili hadi tatu hivi, na nakala mbili huizidisha mara nane au zaidi. Hata hivyo wako wenye E4 wanaozeeka na akili zao timamu, na wako wagonjwa wasio nayo kabisa.

Zingatia hayo maneno “asili ya Ulaya”, kwani hapo ndipo majibu ya maabara yanapoweza kukupotosha. E4 ni ya kawaida sana Afrika, lakini uzito wake kwetu unaonekana kuwa mdogo. Utafiti uliowalinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis, uliochapishwa mwaka 2001, ulikuta kwamba, miongoni mwa wazee, wagonjwa wapya wa Alzheimer kwa mwaka ni asilimia 1.15 Ibadan na asilimia 2.52 Indianapolis, na kule Ibadan E4 haikuonyesha uhusiano wa nguvu na ugonjwa.

Kwa hiyo nisingekushauri upime. Fedha hiyo itumie kufuatilia shinikizo la damu, sukari na usikivu wa masikio, mambo yanayohusiana na hatari hii na yenye tiba. Ila waulize wazee wa ukoo bibi alianza kusahau akiwa na umri gani. Wakisema ni kabla ya miaka 60, niandikie tena, kwa sababu jibu langu litabadilika.