Re: Lindo la usiku JKT, mlipambanaje na usingizi?

Mkuu, umeuliza lindoni tulikuwa tunakaaje macho. Mimi niliingia JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria 2013, mafunzo hayo ya lazima yaliporudishwa baada ya kusitishwa 1994. Zamu mbaya kuliko zote ni ya saa nane hadi saa kumi usiku. Baridi, mbu, halafu unacholinda ni ghala la mahindi tu. Nilihesabu mabati ya paa mpaka nikayakariri: 46. Kuruta mwenzangu yeye alikuwa anasimulia ubwabwa wa harusi ya dada yake, punje kwa punje, njaa inazidi. Ukisikia majani yanachakarishwa unafoka, "Simama! Nani wewe?" Mara nyingi ni mbuzi. Afande akikukuta umesinzia, adhabu ni kuruka kichurachura mpaka alfajiri.