Jibu: Siku inaisha Kew na faili hazijaguswa

Habari ndugu. Umesema uko London kama mtafiti mgeni, unashinda Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa kule Kew, na jioni unatoka na kurasa chache tu huku faili za CO 691, yaani barua za Wizara ya Makoloni ya Uingereza kuhusu Tanganyika, zikikusubiri.

Angalia kwanza unaagiza faili saa ngapi. Ukiagiza umeshakaa mezani, asubuhi yote inaliwa na kungoja. Agiza mtandaoni siku kadhaa kabla, uzikute tayari. Jumapili na Jumatatu vyumba vya kusomea hufungwa, kwa hiyo Jumatatu iwe ya chuo: mwenyeji wako, semina, kuandika.

Halafu usisome kila kitu palepale. Piga picha kwa simu, ni bure. Anza na jalada la nje lenye namba ya faili, ndipo karatasi kwa mpangilio wake, mbele na nyuma; maoni ya maofisa pembeni mwa barua mara nyingi ndiyo yenye utamu. Picha isiyo na namba haitakusaidia kwenye tasnifu. Usiku uleule zipange kwenye folda na uandike mistari miwili: nani kaandika, kuhusu nini. Hili nalishikilia hata nikichoka.

Beba penseli, wino hauruhusiwi. Ukitaja mada yako, nitakuambia kama FCO 141, yaani nyaraka za serikali za kikoloni zilizohamishiwa Uingereza, inakuhusu.