Usiifute kadi ya ushuhuda

Mwaka 2013 nilimrekodi kwa kamera mama mmoja kutoka Fizi, Congo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, tukiwa barazani kwa jamaa zake hapa Kibirizi, Kigoma. Alisimulia usiku ambao kijiji chao kilivamiwa. Ikafika mahali akanyamaza, akawa anachora kwa kidole kwenye mkeka njia waliyokimbilia hadi majini. Hapa kisima. Hapa kanisa. Hapa alipoanguka mdogo wake.

Nilipofika nyumbani niliukata ukimya ule, nikapachika muziki wa huzuni, kisha nikaifuta kadi ya kamera kwa sababu Jumamosi nilikuwa na harusi Ujiji.

Miaka mitatu baadaye mwanasheria mmoja aliniomba video nzima, kama ilivyotoka kwenye kamera. Alitaka ile njia ya kwenye mkeka. Sikuwa nayo, na mpaka leo inaniuma.

Wadogo zangu mnaoshika kamera huku Kigoma, mahakama haitafuti machozi. Inauliza nani alirekodi, lini, wapi, na video imepitia mikono ya nani. Kwenye kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa wapiganaji wa Ituri, Congo, aliyeshtakiwa kwa kuwatumia askari watoto wasiofika miaka 15, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai waliukataa ushahidi wa baadhi ya waliosema walikuwa askari watoto. Lakini video ya Februari 2003, inayomwonyesha akiwa kambini Rwampara mbele ya wapiganaji wake, waliitegemea: waliona humo watoto ambao ni dhahiri hawajafika miaka 15. Alitiwa hatiani mwaka 2012, akahukumiwa miaka 14.

Na mjiandae kuitwa. Mpiga picha Mwingereza aliyerekodi mauaji Kigali mwaka 1994 alikuja mwenyewe Arusha, kwenye mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, kuieleza video yake katika kesi ya Rutaganda, kiongozi mmoja wa wanamgambo wa Interahamwe.

Kwa hiyo, kabla ya yote, mweleze mtu wazi kwamba maneno yake huenda yakafika mahakamani; akikataa, funga kamera, mnywe chai. Akikubali, taja tarehe na mahali kamera ikiwa inarekodi, halafu uliza "ikawaje?", kamwe usiulize "ni fulani, sivyo?" Usimrudishe nyuma asimulie tena vizuri zaidi. Masimulizi mawili yakipishana hata kidogo, wakili wa mshtakiwa atayashikilia hayo hayo, na yule mama ndiye atakayeitwa mwongo.

Siku hizi kadi ya ushuhuda naitia kwenye bahasha, naandika tarehe, naifungia sandukuni. Ninayoikata ni nakala.