Ukuta wa mawe wa zamani, usiukimbilie na saruji

Huku Dodoma mtu akiona ukuta wa mawe umeanza kuachia kwenye viungo anaagiza mfuko wa saruji siku hiyohiyo. Naomba kabla hujaagiza ujue kwanza ulijengwa na nini. Kwangua kiungo na msumari, kipande kikitoka kitumbukize kwenye kikombe cha maji: kikigeuka tope huo ni udongo, kikibaki na kina vidonge vyeupe ndani ni chokaa, ila kama ni kijivu na msumari unateleza tu hapo kuna saruji.

Nyumba ya babu kule Mpwapwa ni mawe na udongo, nje viungo vimezibwa na chokaa. Akaja fundi akaziba kote kwa saruji kali, ikapendeza kweli, mvua za msimu uliofuata ikapasuka nyufa nyembamba, maji yakaingia na hayana pa kutokea, udongo wa ndani ukalainika na chumba cha nyuma rangi ikavimba ikawa inatoa unga mweupe wa chumvi. Mawe yetu haya ya graniti ni magumu, hayana shida, kinachoumia ni kile kilichoyashika. Ukuta kama ule unacheza kidogo jua likiwaka na usiku ukipoa, saruji kali haichezi.

Kwa hiyo mota, yaani mchanganyiko wa kujazia viungo, iwe laini kuliko ukuta, hapo mi sibishani na mtu. Tulitoa ile saruji kwa tindo na nyundo, taratibu, tukarudishia chokaa 1 kwa mchanga 3. Chokaa ya mfuko iloweke usiku kucha ndo inakuwa nzuri. Mchanga wa korongo ukiufinya ukaacha matope kiganjani uoshe kwanza, na visima vingi huku maji yake yana chumvi kwahiyo tafuta ya mvua. Sehemu ya chini inayopigwa sana na maji unaweza kuweka saruji 1, chokaa 2, mchanga 9, usimruhusu fundi aongeze saruji hata akikusisitiza vipi.

Alafu jua na upepo wa Dodoma ndo adui mkubwa. Chokaa inakomaa polepole kwa kuvuta kaboni daioksaidi ya hewani na inahitaji unyevu, ikikauka haraka inakuwa unga. Lowesha viungo kabla ya kujaza, funika na magunia mabichi, nyunyizia asubuhi na jioni wiki nzima au zaidi. Fanya kazi hii Juni au Julai kukiwa na baridi ili Desemba mvua ikute imeshashika. Na vaa glavu, chokaa inaunguza, ikiingia jichoni osha hapohapo kwa maji mengi uende hospitali.